Wiki 24, himoglobini 9.1, na vidonge anameza: shida iko wapi?

Nyalenda_Kwetu: Wadau, naomba ushauri. Mke wangu ana mimba ya wiki 24. Kliniki hapa Kisumu wamempima damu wakapata himoglobini (protini inayobeba oksijeni kwenye damu) gramu 9.1 kwa desilita, na mwezi uliopita ilikuwa 9.3. Vidonge vya kuongeza damu anameza kila asubuhi na chai ya maziwa, na juisi ya bitiruti hakosi. Mbona haipandi?

Lishe_Kakamega: Chai ndiyo mwizi wa kwanza. Majani ya chai yana tanini inayoyashika madini ya chuma tumboni, yakapita hivyo hivyo hadi chooni. Maziwa nayo yana kalsiamu, hayasaidii. Ameze kidonge usiku kwa maji, na chungwa au pera pembeni, chai ikae mbali kwa saa moja au mbili. Kikimchafua roho, ale kidogo kwanza. Choo kikiwa cheusi msishtuke, ni chuma kilichobaki. Bitiruti ni rangi tu, ndugu yangu; chuma chake ni kidogo. Omena na nyama ndivyo vyenye chuma ambacho mwili hukichukua upesi.

Halafu muulize kwa upole: anakula odowa? Yale mawe laini ya sokoni hunasa chuma kama chai tu.

Maabara01: Nyongeza. Himoglobini ina minyororo minne, kila mmoja umebeba chembe moja ya chuma, na oksijeni hushika hapo hapo. Chuma kikikosekana, uboho hutoa chembe nyekundu ndogo, zilizopauka. Kwa hiyo ombeni kipimo kamili cha damu, muangalie MCV, yaani ukubwa wa chembe nyekundu: chini ya 80 huelekeza kwenye chuma. Ikiwa ya kawaida, tafuteni kwingine. Huku kwetu ziwani malaria hupasua chembe nyekundu kabla ya siku zake 120 za kuishi, kwa hiyo apimwe malaria, minyoo na selimundu (sickle cell) pia.

Nyalenda_Kwetu: Odowa anakula, tena kila siku. Je, aongeze vidonge viwe viwili?

Maabara01: Kile cha kliniki kina miligramu 60 za chuma, kipimo cha kukinga. Wa 9.1 kwa kawaida hupewa 120 kwa siku, lakini muuguzi ndiye aandike. Msinunue foliki (folic acid) ya miligramu 5 dukani: hupunguza nguvu za SP, ile dawa ya kukinga malaria anayopewa kliniki. Apimwe tena baada ya wiki 4. Ikiwa haijapanda hata gramu moja, arudi kwa daktari. Akianza kuhema akiwa amekaa, au moyo kumwenda mbio, msingoje hizo wiki.