Msaada wakuu: nadibagi kwa gdbserver, programu haichapishi kitu wala haisomi ninachoandika

mpima_magunia
Habari za jioni wakuu. Nina programu ya C inayopima kahawa kwenye ghala la chama cha msingi huko Mbozi. Inakaa ndani ya Raspberry Pi, mzani umechomekwa kwenye /dev/ttyUSB0, na karani anaandika namba ya mkulima kwa kibodi. Mimi niko Dar, naingia kwa ssh kupitia VPN.

Tatizo la msingi: mara mojamoja mkulima anaandikiwa kilo za aliyemtangulia. Kwenye laptopu yangu halitokei hata nifanyeje, nikaona bora nidibagi (nitafute kosa programu ikiwa inakimbia) kulekule: gdbserver inaishikilia programu kwenye Pi, nami naiamuru kwa gdb (debaga) kutoka kwenye laptopu. Kwenye Pi nimeandika:

`nohup gdbserver :2345 ./mizani &`

Kwenye laptopu:

`gdb-multiarch ./mizani`
`target remote 10.8.0.6:2345`
`continue`

Baada ya hapo kimya. Maneno "Namba ya mkulima:" hayatokei. Naandika 1047, napiga Enter, hakuna kitu. Nikibonyeza Ctrl+C naikuta iko ndani ya soma_namba(), kila mara. Nilidhani imeganda, ila top inasema inakula CPU karibu 100%. Sehemu yenyewe ni hii:

`while (scanf("%d", &namba) != 1)`
`    printf("Namba ya mkulima: ");`

Karani ananipigia kila nusu saa na foleni ya wakulima iko nje. Nawasilisha.

fundi_bodi
Mkuu, kabla ya yote nenda kwenye ile folda uangalie ukubwa wa faili la nohup.out. Kisha rudi hapa.

mpima_magunia
Mungu wangu. MB 212. Ndani ni "Namba ya mkulima: Namba ya mkulima: Namba ya mkulima:" mwanzo hadi mwisho.

fundi_bodi
Basi haijaganda, inakuita sana tu, wewe ndiye hauko inakokuita. Gdb na gdbserver wanaongea habari za rejista, memori na brekipointi (mahali pa kuisimamisha programu). Kibodi na skrini havimo katika mazungumzo yao. Programu inarithi stdin na stdout za gdbserver, yaani inasoma na kuandika pale ilipozaliwa. Ilizaliwa chini ya nohup, ambayo imemwaga maandishi kwenye faili na kuziba upande wa kusoma. Kwa hiyo scanf inarudisha EOF (hakuna cha kusoma tena), ambayo ni -1, na -1 si 1, lupu inazunguka hadi kiama. Ile 1047 uliyoandika imeishia kwa gdb, haijasafiri popote.

Na hiyo lupu irekebishe hata tatizo hili likiisha. Karani akigusa herufi moja kwa bahati mbaya, scanf haiimezi, utazunguka vilevile. Soma mstari mzima kwa fgets, kisha uchambue.

Kitenge
Mbona rahisi, ndani ya gdb andika `tty /dev/pts/3`, maandishi yote yanahamia kwenye dirisha lingine.

fundi_bodi
@Kitenge hiyo inafanya kazi gdb na programu zikiwa kwenye mashine moja tu. Na hata hapo lazima kwenye lile dirisha la pili uache `sleep 100000`, la sivyo shell na programu zitagombania kila herufi unayoandika. Kwa target remote haisaidii kitu.

dada_wa_seva
Kaka, achana na nohup kabisa. Najua uliiweka ili mtandao ukikatika kazi isife, ila tmux inakupa hilo pamoja na terminali halisi:

`tmux new -s mzani`
`gdbserver :2345 ./mizani`

Usiweke ile & mwishoni. Laptopu yako iunganishe kama ulivyofanya. Sasa una madirisha mawili: la gdb ni la kuamuru, la tmux ni la kuandika namba. Uzuri wake, karani naye akiandika `tmux attach -t mzani` kwenye Pi yake mnaona skrini moja. Yeye anaingiza namba za kweli, wewe unatazama kosa likitokea mbele yako.

Halafu tafadhali, gdbserver haiulizi nywila. Yeyote anayeufikia huo mlango (port) 2345 anaweza kuendesha atakacho ndani ya Pi. Funga huo mlango kwenye ngome ya moto (firewall), upite kwa `ssh -L 2345:localhost:2345`, kisha gdb iunganishe na localhost:2345.

nyaya_tupu
Kuna njia ya dirisha moja: `target remote | ssh -T pi@10.8.0.6 gdbserver - ./mizani`. Maandishi ya programu yanarudi hadi kwenye gdb. Ila stdin inakuwa /dev/null, yaani programu haipati cha kusoma, kwa hiyo kwako haifai. Mimi naitumia kwa programu zisizouliza maswali.

Ukielekeza maandishi kwenye faili la logi kumbuka pia kwamba printf inayahifadhi kwenye bafa (hifadhi ya muda) kwanza. Unapita mstari wa printf kwa `next`, logi bado tupu, unaanza kushuku kodi isiyo na kosa. Ukiwa umesimama kwenye brekipointi andika `call (int)fflush(0)`, yatamwagika yote.

Mwenye chipu ndogo kama STM32 na wenzake naye ajue: kule hakuna terminali, wengi tunatumia semihosting (maandishi ya programu yanapitia kwa debaga) kupitia OpenOCD, inayounganisha debaga na chipu. Nilifungia kifaa kwenye kisima kikiwa bado na semihosting, nikachomoa kebo, nikaondoka. Printf ya kwanza tu ikapiga BKPT 0xAB (amri ya kuita debaga), debaga haipo, HardFault, chipu ikakwama. Kilomita 40 kurudi kwa pikipiki.

mpima_magunia
Asante dada, tmux imekubali! Karani anaandika, mimi naona. Ila sasa kuna jambo la ajabu. Nikiweka brekipointi kwenye hifadhi_kilo() na kusimama kidogo, kosa ambalo lilikuwa la mara mojamoja linatokea kila gunia.

fundi_bodi
Hapo umejikamatia mwizi mwenyewe. Mzani wako unatuma uzito mfululizo bila kuulizwa, sivyo?

mpima_magunia
Ndiyo, mistari kama mitano kwa sekunde. `ST,GS,+0062.5kg`.

fundi_bodi
Mzani haujui kwamba umesimamisha programu, unaendelea kutuma. Kerneli inapanga hiyo mistari kwenye bafa ya baiti 4096 ya hiyo ttyUSB0. Mstari wako una baiti 17 ukihesabu na mwisho wake, kwa hiyo mistari 240 hivi, kama sekunde 48. Ukiendelea, unasoma ile ya zamani kwanza: gunia lililokwisha shushwa. Karani akichelewa kuandika namba, programu inasubiri kwenye scanf na mambo ni yaleyale, debaga iwepo isiwepo. Laptopuni ulijaribu kwa faili badala ya mzani, bila shaka?

mpima_magunia
Kwa faili 😅

fundi_bodi
Ukishapokea namba ya mkulima weka `tcflush(fd, TCIFLUSH);` kufuta mistari iliyokuwa inasubiri, ndipo usome uzito. Utupe pia mstari wa kwanza baada ya hapo, unaweza kuwa umekatwa katikati.

mpima_magunia
Magunia 31 mpaka sasa, hakuna kilo iliyohama. Nimemwambia karani awe anachelewa makusudi, bado sawa. Shukrani sana wakuu, na dada_wa_seva, mlango nimeufunga.

mpima_magunia
Karani kapiga tena, mashine imekwama. Nilikwenda kula nikaacha brekipointi.

dada_wa_seva
`delete` (futa brekipointi), kisha `detach` (iachie programu iendelee). Usiandike `quit`, utaiua.