Droni ya kujifurahisha Marekani baada ya zuio la FCC: kubaki na ya zamani, mtumba, kujiundia au ya Kimarekani?

Mwewe_wa_Dallas

Wakuu, swali hili linarudi kila wiki kwa sura tofauti, basi tulipime mahali pamoja. Kwanza hali ilivyo, maana uvumi ni mwingi.

Sheria ya bajeti ya ulinzi iliyosainiwa 23 Desemba 2024 ilitoa mwaka mmoja wa kukagua usalama wa droni za DJI na Autel, kampuni za China. Muda ulipokaribia kwisha, tarehe 22 Desemba 2025, Tume ya Mawasiliano (FCC) iliingiza kwenye orodha yake ya vifaa vilivyozuiwa droni zote zinazotengenezwa nje ya Marekani pamoja na viungo vyake vikuu: bodi za kuongozea, rimoti, mitambo ya mawasiliano, vihisi, kamera, betri, mota. Si za China peke yake. Ya Ufaransa au Korea nayo imo.

Zuio hilo linakataza idhini MPYA (ruhusa ya FCC ya kifaa kuingizwa na kuuzwa nchini). Modeli iliyopata idhini kabla ya tarehe hiyo bado inaruhusiwa kuuzwa, kununuliwa na kurushwa. Hakuna atakayekuja kuchukua droni iliyo kabatini kwako. Januari 2026 ikaongezwa nafuu hadi 1 Januari 2027 kwa droni zilizo kwenye Blue UAS, orodha ya droni zilizokubaliwa na jeshi, na zile zinazofikia kipimo cha bidhaa ya ndani. Nafuu hiyo haimgusi sana mtu wa kujifurahisha.

Kwa hiyo njia ni nne: (1) kubaki na uliyonayo na kuitunza, (2) kununua modeli yenye idhini ya zamani, mpya au mtumba, (3) kujiundia kwa vipuri, (4) kununua ya Kimarekani. Msimamo wangu: tuache kuchagua kwa kamera. Chagua kwa betri na vipuri, kwa sababu hapo ndipo droni itakapofia. Karibuni.

---

FundiRisasi

Mkuu umesema kweli kuhusu betri. Mtu akisikia zuio anakimbilia kununua betri nane za kuweka akiba. Hiyo ni hasara. Betri ya lithiamu huzeeka hata ikiwa kwenye boksi. Ukiiweka imejaa, seli zinavimba. Ukiiacha ikauke kabisa, saketi yake inajifunga na chaja haiitambui tena.

Kwa droni za DJI ndogo: kama hutarusha kwa zaidi ya siku kumi, iteremshe hadi kati ya 40% na 65%, iweke mahali pakavu pasipo joto, na uijaze kikamilifu kila baada ya miezi mitatu. Tatu zinazozungushwa kwa zamu zitakufikisha mbali kuliko nane zilizosahaulika kwenye droo. Gari lililofungwa wakati wa kiangazi cha Texas au Arizona ni kaburi la betri.

Jambo la pili ni familia ya betri. Mini 3, Mini 3 Pro na Mini 4 Pro zinatumia betri za aina moja. Mini 2, Mini 2 SE na Mini 4K nazo zina familia yao. Droni ambayo betri yake inaingia kwenye modeli tatu itapatiwa betri kwa miaka mingi kuliko modeli ya pekee yake, hata kama hiyo ya pekee ina kamera bora.

Angalizo: betri ya kawaida ya Mini 4 Pro (2,590 mAh) inaacha droni kwenye gramu 249. Ile ya Plus (3,850 mAh) inaivusha gramu 250, na hapo kwa mtu wa kujifurahisha unaingia kwenye usajili wa FAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani) na Remote ID (redio inayotangaza utambulisho wa droni ikiwa angani). Wengi wananunua Plus kwa sababu ya dakika za ziada bila kujua wamebadilisha daraja la droni yao.

---

BiMkubwa_Minnesota

Mimi natetea namba 2, mtumba hasa, ila kwa utaratibu huu.

Soma kibandiko kwanza. Kila droni halali ina namba ya FCC ID, ipo mwilini au ndani ya tundu la betri. Za DJI zinaanza na SS3. Ingiza namba hiyo kwenye tovuti ya FCC ya kutafutia idhini, utaona tarehe iliyotolewa. Ikiwa ni kabla ya 22 Desemba 2025, uko salama. Kama muuzaji anakataa kupiga picha kibandiko, achana naye.

Halafu fungua programu ya DJI Fly mbele yake na uangalie:

- Akaunti. Muuzaji aiondoe droni kwenye akaunti yake wewe ukiona. Droni iliyofungwa kwenye akaunti ya mtu aliyetoweka ni mzigo.
- Idadi ya mizunguko ya kila betri, kwenye taarifa za betri.
- Gimbali (kishikilia kamera kinachoituliza). Iwashe droni mezani, uiinamishe taratibu pande zote. Picha ikitetemeka au ikilala upande, usinunue. Utepe wa gimbali ndio wa kwanza kuumia ikianguka, na ukarabati wake unaweza kula nusu ya bei.
- Mikono. Tafuta nyufa karibu na bawaba, wala usitosheke na kutazama. Ikunje na kuikunjua.
- Mota. Zungusha kila moja kwa kidole bila propela. Ikikwaruza ina mchanga au beringi imekwisha.

Kwa wenye Android: DJI Fly haipatikani Google Play, inapakuliwa kwenye tovuti ya DJI yenyewe. Hifadhi nakala ya faili la toleo linalofanya kazi vizuri na simu yako.

---

Kipanga254

Dada, na zile mpya zilizobaki madukani? Nimeona bei zinapanda. Kuna wanaosema waagize moja kwa moja kutoka Hong Kong au wamtume mtu anayetoka Dubai.

---

BiMkubwa_Minnesota

Kaka Kipanga, bei inapanda kwa sababu hakuna modeli mpya inayoingia, na shida ya mizigo ilianza kabla ya zuio hili. Oktoba 2024 DJI wenyewe walitangaza kwamba forodha ya Marekani inazuia baadhi ya mizigo yao kwa sheria inayozuia bidhaa za kazi za kulazimishwa za Waighuri wa China. Mavic 4 Pro ilipozinduliwa Mei 2025 haikuletwa rasmi Marekani kabisa.

Kuagiza mwenyewe: msamaha wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi dola 800 uliondolewa kwa China na Hong Kong tarehe 2 Mei 2025, na kwa nchi nyingine tarehe 29 Agosti 2025. Bei unayoiona kwenye tovuti si bei ya mlangoni. Ongeza ushuru na ada ya msafirishaji ndipo ulinganishe na duka la mtaani kwako.

Kuhusu anayetoka Dubai, kanuni ya FCC inayoruhusu mtu kuingiza vifaa visivyozidi vitatu kwa matumizi binafsi ina masharti juu ya aina ya kisambaza mawimbi. Usiichukulie kama mlango wazi wa droni isiyo na idhini. Kama modeli ina idhini ya zamani na kibandiko chake kipo, hilo ni jambo jingine.

---

FundiRisasi

Sasa namba 3, ambayo naipenda kuliko zote kwa mwenye subira. Droni ya kujiundia haina akaunti ya kampuni wala betri ya pekee. Kikiharibika kitu, unabadilisha hicho tu.

Ya kuanzia, ya propela za inchi 5: fremu ya kaboni, mota nne za 2207 zenye takriban KV (mizunguko kwa dakika kwa kila volti) 1,750 hadi 1,950 kwa betri ya seli sita, bodi ya ESC (vidhibiti kasi ya mota) nne kwa pamoja ya ampea 45 hadi 55, bodi ya kuongozea yenye programu ya Betaflight, risiva ya kupokea mawimbi ya rimoti ya mfumo wa ELRS wa 2.4 GHz; kamera na kisambaza video; betri za LiPo 6S (seli sita) za 1,300 mAh.

Kinachowaharibia wengi ni haya:

Kuacha kapasita. Lehemu kapasita ya 35 V, 1,000 µF, pale nyaya za betri zinapoingia kwenye ESC. Mota zikifunga breki ghafla hurudisha mapigo ya volteji yanayoua ESC na kuchafua picha.

Kuwasha kisambaza video bila antena. Kinaungua kwa dakika chache.

Chuma cha kulehemu kisicho na nguvu. Sehemu za kulehemia nyaya za betri zinanyonya joto; weka 370 hadi 400 °C na ncha pana, tumia risasi ya 63/37. Kiungo kisichong'aa, chenye umbo la kidonge, kitaachia ukiwa angani.

Kuchomeka betri moja kwa moja mara ya kwanza. Tumia kifaa cha kuzuia mkondo mkubwa, kwanza bila propela. Kisha zima rimoti: mota lazima zisimame. Zisiposimama, usirushe.

Kuhusu zuio: fremu, propela na betri tupu ya LiPo isiyo na saketi hazipitii idhini ya FCC, basi hazina pa kukwama hapo. Vinavyobana ni vyenye redio: risiva, rimoti, kisambaza video, moduli ya Remote ID. Kama una pesa ya akiba, weka huko: risiva mbili, bodi moja ya kuongozea, ESC moja, mota mbili. Havizeeki kama betri.

---

Mwewe_wa_Dallas

Niongeze kwa wa namba 3: chukua leseni ya redio ya ridhaa, daraja la Technician. Maswali 35, unahitaji 26 sahihi, ada ya FCC ni dola 35. Inakupa haki ya kutumia 5650 hadi 5925 MHz, na chaneli zote nane za Raceband, kundi la masafa ya video za droni (5658 hadi 5917), zimo humo. Vifaa vya redio ya ridhaa kwa kawaida havihitaji idhini ile ya kibiashara. Masharti: jitambulishe kwa namba yako ya wito kila dakika 10 na mwishoni, na usifanye kazi ya malipo. Iandike namba hiyo kwenye sehemu ya jina la droni ndani ya Betaflight, ionekane kwenye picha inayorushwa.

Usisahau pia kwamba ukivaa miwani ya kuonyesha video ya droni, sheria inataka mwenzako asimame kando yako akiiona droni kwa macho.

---

JongomeoSeattle

Na namba 4 mbona hamuigusi?

---

FundiRisasi

Kwa sababu kwa mtu wa kujifurahisha ni njia nyembamba, ndugu. Skydio, kampuni ya Kimarekani, walikuwa na droni nzuri ya mtu binafsi, wakaacha soko hilo Agosti 2023 na kubaki na makampuni na serikali. Nyingi za Blue UAS zinauzwa kwa maelfu ya dola, zimekusudiwa polisi, jeshi na wakaguzi. Hakuna mbadala wa Kimarekani wa Mini kwa bei ya Mini. Nafasi halisi ipo kwenye vipuri: ARK Electronics wa Utah, kwa mfano, wanatengeneza bodi za kuongozea nchini. Ni ghali kuliko za Shenzhen, ila ukiunda droni ya kukaa nayo miaka, bodi ya namna hiyo ina maana.

---

Kipanga254

Swali la mwisho. Nikiamua kuinunua hapa na kuipeleka nyumbani Kenya likizo?

---

BiMkubwa_Minnesota

Omba ruhusa ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kabla hujapanda ndege, usisubiri kufika uwanja wa ndege wa JKIA. Bila karatasi hiyo forodha itaishikilia. Tanzania ni TCAA, na Wizara ya Ulinzi nayo inahusika. Betri ziwe kwenye begi la mkononi, ncha zake za umeme zimefunikwa. Ya Mini 4 Pro ni kama Wh 19 na ya 6S 1,300 ni kama Wh 29, zote chini ya kikomo cha Wh 100.

Na ukinunua mtumba ulio juu ya gramu 250, mwambie muuzaji aifute namba ya Remote ID ya droni kwenye akaunti yake ya FAADroneZone (tovuti ya usajili ya FAA) siku hiyohiyo. Ikiwa bado imesajiliwa kwake, mfumo utaikataa ukijaribu kuiandika kwako, na kumtafuta mtu wiki tatu baadaye ni kazi ngumu.