ADF ni vita vya nani, vyetu au vya Wakongo?

Kijana wa Kawempe:
Wakubwa, salaam. Jana kwenye teksi mzee mmoja alisema waasi wa ADF ni shida ya Wakongo, mwingine akamkatalia, nusura wagombane. Mimi nilizaliwa 2003. Waasi walioanza kwa kupigana na serikali yetu ya Uganda imekuwaje leo wanaua wakulima wa Beni, mashariki ya Kongo, kwa jina la Dola la Kiislamu?

Muuza Chumvi, Mpondwe:
Mwanangu, mimi nauza chumvi ya Katwe hapa mpakani, wateja wangu wako ng'ambo zote mbili za mto Lhubiriha. Walianza kama watu wetu kabisa. Jamil Mukulu na vijana wa Tabligh, vuguvugu la mahubiri ya Kiislamu, waliokosana na serikali waliungana na mabaki ya NALU, waasi wa hii milima ya Rwenzori. Novemba 1996 wakatushukia hapahapa Mpondwe wakitokea Kongo. Nilikimbia na watoto, magunia nikayaacha. Juni 1998 wakawachoma wanafunzi wa chuo cha ufundi cha Kichwamba, kama 80.

Jeshi lilipowabana wakajichimbia Kongo, na huku tukashusha pumzi. Hapo ndipo tulipokosea. Kule walioa, wakalima, wakaingia kwenye mbao na dhahabu. Mukulu alikamatwa Tanzania 2015, tukasema basi, yamekwisha. Kumbe aliyeshika nafasi yake, Musa Baluku, ndiye aliyewapeleka kwa Dola la Kiislamu, na tangu 2019 Dola hilo linajitangazia mashambulizi yao.

Nina mteja, mama Mnande kutoka upande wa Beni. Sisi Wakonzo na wao lugha ni moja, tunaelewana bila mkalimani. Zamani alichukua magunia manne. Siku hizi anapimiwa kwenye ndoo, maana shamba la kakao amelihama tangu majirani zake walipokatwa mapanga wakati wa mavuno. Mwambie huyo mzee wa teksi aje amuulize vita ni vya nani.

Bint Kasese:
Mzee, asante, ila naomba hilo neno Tabligh mlitumie kwa uangalifu. Wengi wa Tabligh hawajawahi kushika bunduki. Baada ya mabomu ya Kampala ya Novemba 2021 kaka yangu alishushwa kwenye basi kwa sababu ya kanzu na ndevu, akakaa kando ya barabara mpaka jioni. Na Mei mwaka huohuo, kule Beni, shehe aliyekuwa akiwakemea ADF hadharani alipigwa risasi ndani ya msikiti. Sisi Waislamu pia tunazika.

Muuza Chumvi, Mpondwe:
Kweli mwanangu, nilikosea kusema vile. Niwie radhi.

Kijana wa Kawempe:
Na Operesheni Shujaa, je? Haijawamaliza?

Muuza Chumvi, Mpondwe:
Ilianza 30 Novemba 2021, majeshi ya nchi mbili pamoja. Kambi kubwa zilivunjwa, lakini wakagawanyika vikundi vidogo, wengine wakasogea hadi mkoa wa Ituri. Usiku wa 16 Juni 2023 wakavuka wakaingia sekondari ya Lhubiriha, haifiki kilomita 2 kutoka mpakani. Wavulana walichomwa ndani ya bweni, wasichana wakakatwa mapanga. Watu 42, wanafunzi 37. Wengine walitekwa wabebeshwe chakula kilichoporwa.

Binti yangu alikuwa bweni katika shule nyingine. Tangu siku ile akawa analala na viatu miguuni. Nimemtoa, sasa anatembea saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na mimi humsindikiza mpaka njia panda ya kwanza ndipo nifungue duka.