Friji imekufa, waranti iliisha juzi: tupeane uzoefu

Mpangaji Donholm (mwenye mada)

Wadau, habari za jioni. Friji yetu ya milango miwili tuliinunua kwa shilingi 86,000. Waranti iliisha mwezi wa nane, na mwezi wa kumi ikaacha kugandisha. Taa inawaka, inanguruma usiku kucha, lakini nyama inatoa maji. Nilipopiga simu dukani, dada aliyepokea akaniuliza tarehe ya risiti, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Pole, umepitisha na wiki saba." Kana kwamba nimekosa matatu ya mwisho. Na risiti yenyewe imepigwa muhuri mwekundu: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Duka silitaji, sitaki vita. Nauliza tu: kuna aliyewahi kudai baada ya waranti kuisha akapata chochote? Simulieni, hata kama mlishindwa.

Mama Mapacha

Mimi ni mashine ya kufua. Waranti miezi 12, ikaharibika mwezi wa 14. Ikifika kukamua nguo ilikuwa inalia kama ndege inapaa, hadi jirani wa chini akapanda kuniuliza kuna nini. Duka likatuma fundi wao, akaangalia dakika tano akasema ni maji ya chumvi ya kisima. Nikamwambia, baba, sisi hapa Kasarani tunanunua maji ya boza, na mwaka jana hukuuliza maji yanatoka wapi ulipokuja kuifunga.

Shemeji yangu ni karani wa mawakili, akanisaidia kuandika barua ya ukurasa mmoja. Hakuna matusi. Tarehe ya kununua, bei, ilivyoharibika, ninachotaka. Halafu mistari miwili: Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamtaka muuzaji auze kitu kinachofaa kazi yake. Hakuna palipoandikwa kwamba haki hiyo inakufa siku kadi ya waranti inapoisha. Kadi ni ahadi ya ziada tu.

Walinibadilishia beringi bure, nikalipa ufundi 4,500. Sikufurahi sana lakini nafua.

Fundi wa Umoja

Mwenye mada, kabla ya sheria, hiyo friji imekufa kwa nini? Wateja huniambia "imeharibika tu". Mwenye duka hatakulipa kwa "tu".

Friji inayonguruma bila kugandisha mara nyingi imepoteza gesi. Gesi haiishi kama ya kupikia, inazunguka humo humo miaka yote. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Zima friji, vuta nyuma, mulika tochi kwenye maungio ya bomba karibu na kompresa, ile pampu ya gesi. Ukiona doa la mafuta lililoshika vumbi, hapo ndipo. Kama maungio ni makavu, huenda bomba limetoboka ndani ya ukuta wa friji, kwenye ile povu ngumu. Huko mkono wako haujawahi kufika, kwa hiyo usikubali kuambiwa umeitumia vibaya.

Lakini kompresa ikiwa imeungua, na mtaani kwenu stima ilikatika ikarudi kwa kishindo, duka lina pa kujitetea, hasa kama hukuwa na kile kifaa cha kukinga friji na stima. Nasema ukweli ingawa najua mtanichukia.

Usimruhusu mtu akate bomba wala kuongeza gesi kabla duka halijaona. Gesi ya friji nyingi za sasa, R600a, inashika moto, si ya kuchezewa na kila mwenye moto wa kuchomelea. Mwambie fundi aandike alichokiona, namba ya mashine, tarehe, sahihi. Na angalia kibandiko mlangoni: nyingi zimeandikwa kompresa miaka 10, na watu huishi nacho bila kukisoma. Uliza tu kama miaka hiyo ni ya kifaa peke yake au ni pamoja na gesi na ufundi. Hapo ndipo hunyolewa.

Mkaazi South B

Mimi nilishindwa, tena kijinga. Televisheni ya inchi 55, mwezi wa 15 picha ikapotea, sauti ipo. Nikaenda kutoa risiti kwenye droo ya jikoni: karatasi nyeupe pe! Maandishi yote yamefutika kwa joto. Nikabaki na ujumbe wa M-Pesa, ambao unaonyesha pesa na siku lakini hauonyeshi nimenunua televisheni au viazi. Jina la till pia halikuwa la duka. Isitoshe nilikuwa nimeshaita kijana akafungua mgongo, vile vibandiko vya waranti vimechanika. Piga picha risiti siku ile ile, jamani.

Kijana wa Luthuli

Yangu ilikuwa mtumba wa Uingereza, waranti ya mdomo. Niliporudi, hilo duka lilikuwa linauza kava za simu. Tuendelee.

Niliwahi Kaunta

Nimefanya kazi duka la vifaa vya nyumbani miaka minne. Barua ya mteja ikija kawaida inawekwa chini ya kibodi. Ikiwa na nakala kwa Mamlaka ya Ushindani, ambayo hupokea malalamiko ya wanunuzi, inapanda kwa meneja siku hiyo hiyo. Msiseme ni mimi nimewafundisha.

Mwalimu wa Zamani

Mimi nilifika mahakamani. Jiko la oveni, shilingi 72,000, miezi 16. Jumamosi nimeweka keki, nimegeuka kuosha bakuli, nikasikia mlio kama risasi. Kioo cha mlango kimepasuka chenyewe, kimemwagika sakafuni punje punje kama sukari ya mawe. Mjukuu alikuwa ametoka jikoni dakika hiyo.

Duka likaniambia niliupiga mlango. Nikaandika barua ya madai, nikawapa siku 14, kimya. Nikaenda Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani, iliyoanza 2021. Inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60, na hulazimiki kuwa na wakili. Nilijaza fomu mwenyewe kwa miwani yangu. Wao walileta wakili kijana, mwenye adabu, akaniita mama tangu mwanzo hadi mwisho. Kabla hatujaitwa ndani akaniomba tuzungumze kwenye korido. Tukakubaliana 40,000, makubaliano yakaandikwa mbele ya mwamuzi. Nilitaka zote, lakini jiko nilikuwa nimelipikia miezi 16, hilo nalo nililikubali.

Mwenye mada, usione umechelewa. Dai la mkataba unaweza kulifungua ndani ya miaka sita. Na unayemdai ni aliyekuuzia, asikutume kwa kiwanda.

Mzee wa Buruburu

Yangu ilikufa na miaka 19. Nilimdai nani? Niliizika kwa heshima, sasa tunawekea viatu.

Mpangaji Donholm (mwenye mada)

Nimerudi na mrejesho. Fundi wangu amekuta doa la mafuta kwenye ungio, akaandika na kusaini, hakugusa kitu. Barua nimeipeleka kwa mkono na nakala mbili. Dada wa kaunta alikataa kupiga muhuri nakala yangu, nikamwambia nitakaa kwenye kile kiti cha masaji cha kuuzwa mpaka meneja aje. Alikuja baada ya dakika 20, akasoma, akapiga muhuri. Wanatuma mtu Alhamisi.

Maziwa bado nayaweka kwa jirani wa ghorofa ya pili. Leo asubuhi ameniuliza kama nahamia.