Jengo la Córdoba, Hispania: tuliite msikiti au kanisa kuu?

Mleta mada: Lilianzwa miaka ya 780 na mtawala Mwislamu Abd al-Rahman I likiwa msikiti. Likafanywa kanisa 1236 mfalme Mkristo Ferdinand III alipouteka mji, na 1523 kanisa jipya likaanza kuchomozwa katikati yake. Mwaka 2006 dayosisi ikaliandikisha kuwa mali yake kwa ada ya takriban euro 30. Tuliiteje?

Forodhani: Euro 30! Hata banda la kuku halina hati ya bei hiyo.

Kasisi_Mstaafu: Sheria iliruhusu. Kifungu cha 206 cha sheria ya rehani ya Hispania ya 1946 kiliwapa maaskofu uwezo wa kuandikisha mali za kanisa, majengo ya ibada yakaruhusiwa nayo 1998, kikafutwa 2015. Halafu huo msikiti gani, hata kibla imepotoka?

Forodhani: Ungeishia kwenye sheria ningenyamaza. Imepotoka vipi?

Kasisi_Mstaafu: Kutoka Córdoba, Makka iko karibu mashariki, nyuzi 100 hivi za dira. Mihirabu inaelekea nyuzi 150 hivi.

Usturlabu: Hesabu sawa, hukumu mbovu. Wengi Andalusi, yaani Hispania ya Waislamu, walishika hadithi ya Mtume ya "kati ya mashariki na magharibi ni kibla", iliyosemwa Madina, ambako Makka ni kusini; nao wakaelekea upande wa kusini. Khalifa al-Hakam II alipopanua kuanzia 962 akafuata mstari uleule. Ila msikiti wa Madinat al-Zahra, mji wa kasri jirani tu, umekaribia Makka zaidi. Ndiyo maana umekaa mshazari na kasri.

Forodhani: Pwani kwetu kibla ndiyo kaskazini, na Mombasa inapatia kabisa. Ukiipeleka hiyo Córdoba unaswali kuelekea Ufaransa 😂

Fundi_Matao: Mnagombea dira, jengo mmelisahau. Nguzo za mwanzo ni za Kirumi na Kivisigothi (watawala wa Hispania kabla ya Waislamu), fupi na zisizolingana. Zilisawazishwa kwa vitako na vichwa, juu yake zikapandishwa nguzo za mawe na matao ya ngazi mbili. Tao la chini, lenye umbo la kwato, linazuia nguzo zisiyumbe tu. La juu ndilo hubeba ukuta na mfereji wa maji ya paa. Mistari myekundu ya matao ni matofali, isipokuwa kwenye upanuzi wa waziri al-Mansur wa 987: pale ni mawe yaliyopakwa rangi.

Kasisi_Mstaafu: Kumbe feki!

Fundi_Matao: Feki nini? Matao yamesimama miaka elfu na ushei. Alipanua kuelekea mashariki, kusini kuna mto. Ndiyo maana mihirabu haipo katikati tena.

Kasisi_Mstaafu: Kwa hiyo haipo katikati NA haielekei Makka?

Usturlabu: Tumerudi kulekule.