Mama ametia dole gumba kwa daktari wa kwenye skrini, lakini hakuambiwa chumbani kuna nani

Binti wa Mpunguzi

Shikamooni wakubwa, wengine habari za leo. Nina swali, ila niacheni nieleze kwanza, maana nikiuliza kavu mtanijibu kavu.

Mama yangu ana miaka 63, mkulima wa uwele na zabibu kidogo, yuko kijijini njia ya kutoka Dodoma kwenda Iringa, ukishapita Mpunguzi. Kiswahili anakijua vizuri tu, anabishana na madalali wa zabibu mpaka wanamkimbia, lakini akianza kueleza mwili wake anarudi kwenye Kigogo. Tangu Pasaka analalamika kiuno. Wiki iliyopita nikaomba ruhusa kazini nikampeleka kituo cha afya (jina naliacha, watu wa pale wametusaidia mengi). Tukaambiwa tuna bahati, siku hiyo kuna daktari bingwa wa akina mama anayeona wagonjwa kwa mtandao, hakuna haja ya kupanda gari hadi mjini. Kusema kweli nilifurahi. Nauli ya watu wawili, chakula na siku nzima ya foleni nilishavipigia hesabu kichwani.

Mapokezi tukapewa karatasi. Kurasa mbili, Kiingereza kitupu. Dada wa mapokezi akasema, "Mama, weka dole hapa, ni ya kukubali kuonana na daktari." Mama akaniangalia. Nikamwambia weka. Nilikuwa nimesoma mistari minne ya juu tu, hapo kosa ni langu na sijifichi.

Ndani kulikuwa na meza, kompyuta, nesi, na kijana amekaa pembeni anaangalia waya na mtandao. Hakuna aliyetambulishwa, lakini mama alimjua. Ni mtoto wa jirani yetu upande wa kisimani, alikwenda kusomea kompyuta. Daktari akatokea, mama wa watu mpole tu, akasalimia, akauliza shida. Kiuno. Kingine? Hakuna. Hedhi ilikoma lini? Zamani. Tangu hapo umewahi kuona damu? Mama akatazama chini, akasema hapana. Mtandao ukakatika mara mbili, dakika 10 hazikufika, tukaandikiwa dawa za maumivu.

Usiku tunamenya karanga ndipo akaniambia. Damu anaiona tangu mwezi wa pili. "Ningesemaje mbele ya yule mtoto? Kesho nakutana na mama yake kisimani."

Sasa, lile dole la mama ni ridhaa ya nini hasa? Tunaweza kuikataa skrini bila kuonekana wakorofi na kunyimwa huduma siku nyingine? Na kama yale mazungumzo yalirekodiwa, yako wapi?

Mkoboa Mahindi, Kibaigwa

Dada unakuza mambo. Umeletewa bingwa mpaka kijijini, unalalamikia karatasi. Nani anasoma fomu? Hata za benki tunasaini tu.

Tabibu wa Kongwa

Binti, karatasi tutaizungumza, tuanze na damu. Mwanamke aliyemaliza mwaka mzima bila hedhi, halafu akaona damu hata tone, anatakiwa apimwe kwa kuangaliwa mlango wa kizazi, na hilo halifanyiki kwenye skrini. Mara nyingi sababu huwa ndogo, uke kukauka au kijiuvimbe. Lakini saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini kwetu, kwa hiyo hatubahatishi. Mpeleke wiki hii, na umwambie daktari maneno yale ya kwenye karanga.

Sasa ridhaa. Mimi hukaa na wagonjwa kwenye hizi kliniki za mtandao. Kabla ya kufungua kamera namwambia mgonjwa daktari ni nani na yuko wapi. Namtajia kila aliyemo chumbani, hasa yule ambaye kamera haimwonyeshi, na namuuliza daktari kwa sauti kama upande wake kuna wanafunzi. Namwambia kama tunarekodi au haturekodi, na kwamba daktari ataona na kusikia lakini hataweza kumgusa, kwa hiyo anaweza kuambiwa aende mjini vilevile. Mtandao ukikatika tutafanya nini. Na kwamba akisema "basi, sitaki" namrudisha kwenye foleni ya kawaida na hakuna atakayemnunia. Halafu namwomba anieleze yeye alichoelewa. Bibi mmoja aliniambia, "Nimekubali kuonyeshwa sinema." Tukaanza upya.

Fundi wa kompyuta akishaweka mtandao sawa anatoka nje. Akihitajika anaitwa, na mgonjwa anaambiwa anaingia.

Na wewe binti usikasirike. Mama ana akili zake timamu. Ile "weka" yako haikuwa ridhaa yake.

Binti wa Mpunguzi

Sijakasirika, daktari. Imeniuma kwa sababu ni kweli. Jumanne tunakwenda mjini.

Nesi Mstaafu

Mwanangu, hili la kusikiwa na watu halikuanza na kompyuta. Zamani zahanati za mbali huku kwetu tulikuwa na simu ya upepo. Mama akishindwa kujifungua unampigia daktari, unaeleza njia imefunguka kiasi gani, damu imetoka kiasi gani, na kila kituo kilichofungua masafa yale kinakusikia. Mwisho wa mwezi nikienda kuchukua mshahara, mpishi wa kituo kingine ananiuliza, "Yule mama wa mapacha alipona?" Tulijifunza kutotaja majina. Tulisema "mgonjwa wa kitanda cha dirishani". Lakini hakuna siku hata moja niliyomwambia mgonjwa kwamba anasikiwa. Sikuwahi kuwaza kwamba ana haki ya kujua.

Kwa mama yako, omba nesi wa kike anayesikia Kigogo. Usitafsiri wewe. Yapo mambo mzazi hawezi kuyapitisha kwenye mdomo wa mwanawe.

Wakili Area C

Nijibu la rekodi. Kwenye ile karatasi kuna ridhaa mbili zimefungwa pamoja. Moja ni ya kutibiwa kwa njia ile. Nyingine ni ya taarifa zake kuchukuliwa, kutunzwa na kupelekwa kwingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwa taarifa za namna hiyo sheria inataka ridhaa ya maandishi, na mwenyewe anaweza kuiondoa wakati wowote bila kueleza sababu. Kuna nafasi imeachwa kwa ajili ya matibabu yenyewe, daktari hawezi kuomba dole kila anapofungua faili. Lakini nafasi hiyo ni ya matibabu. Picha ya mama yako kutumika kwenye mafunzo au kwenye ripoti ya wafadhili ni jambo jingine.

Andikeni barua kwa mganga mfawidhi, iwe na jina la mama na dole lake mwenyewe. Mwulizeni kama ilirekodiwa, imehifadhiwa wapi, nani anaweza kuifungua. Wakikaa kimya, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapokea malalamiko.

Kuhusu Kiingereza: mtu hakubali asichokielewa. Dole lipo, ridhaa ina walakini. (Mgonjwa aliyeletwa hajitambui ni habari nyingine, huyo anaokolewa kwanza.)

Mkoboa Mahindi, Kibaigwa

Haya, nimerudi. Nimemsomea mke wangu huu uzi, ameniuliza, "Ingekuwa mimi, na fundi ni mdogo wako?" Naondoa maneno yangu.

Binti wa Mpunguzi

Samahani kwa kimya, ni mwezi na nusu sasa. Jumanne ile tulikwenda mjini. Mama alipimwa na daktari wa kike, nesi Mgogo pembeni, mimi nilikaa nje kwenye benchi. Wakachukua kipande kidogo cha nyama cha kupima. Majibu yalipotoka wakatupa nafasi ya kwenda mjini tena au kuelezwa kwa skrini palepale kituoni. Mama akachagua skrini mwenyewe, alisema amechoka na gari.

Barua ya wakili tulipeleka. Wamejibu kwamba siku ile hawakurekodi. Fomu bado ni ileile ya Kiingereza. Safari hii nilimsomea mstari kwa mstari, ikatuchukua karibu dakika 40, dada wa mapokezi alinuna waziwazi. Mahali pa kukubali picha zitumike kwa mafunzo mama akasema hapo hapana, tukapapiga mstari kwa kalamu, na hakuna kilichoharibika.

Yule kijana alifunga waya, akatoka. Mama hakuketi mpaka mlango ulipofungwa. Daktari akatokea, akamsalimia kwa Kigogo, "Mbukwa, mama", mama akaitikia, kisha kabla ya majibu akamuuliza, "Na huko kwako nyuma yako kuna nani?" Daktari akacheka, akainua kompyuta yake akaizungusha chumba kizima. Kiti, dirisha, koti jeupe kwenye msumari. Mama akasema haya, sema sasa.

Ni kijiuvimbe, si saratani. Kitatolewa mwezi ujao, mjini.