Naombeni ushauri: nawafundishaje watoto kwamba michango ndiyo inayobeba sanaa ya jamii?

Mwalimu Kipindi: Wakuu, habari za majukumu. Nafundisha darasa la nne. Wiki ijayo nina kipindi cha kuwaonyesha watoto jinsi michango ya hiari inavyoendesha maigizo, kwaya, vikundi vya ngoma na michoro ya ukutani. Kila nikiandaa somo linageuka hotuba. Mtoto wa miaka tisa ukimtajia "ufadhili" anakukodolea macho tu. Nianzie wapi? Usingizi sipati, na mkuu wa shule atakaa darasani. Matusi sitaki.

Pilipili Kichaa: Ngoja waje wajuzi. Mimi nimekaa pale.

Kalamu Nyekundu: Anza na hesabu, maadili yatafuata. Andika ubaoni gharama za igizo kwa vizibo vya soda: ukumbi 6, mavazi 5, taa na vipaza sauti 5, nauli za waigizaji 4. Jumla 20. Kisha lipe kila kundi vizibo 11, waambie ndiyo mauzo ya tiketi. Wahangaike wenyewe. Wapo watakaopandisha tiketi, waulize nani atakuja kutazama. Kwangu kundi moja lilifuta nauli, binti mmoja akanyanyua mkono: "Sasa waigizaji watafikaje?" Darasa kimya. Hapo ndipo unapoleta vile 9 vilivyobaki na kuuliza vinatoka kwa nani. Na aliyeshona mavazi bure usimsahau, naye kachangia.

Mzee wa Hoja: Watoto wa siku hizi wafundishwe kusoma kwanza. Sisi tuliimba kwaya miaka na miaka bila mfadhili. Mpiga kinanda alikuwa anakuja kwa miguu, mvua jua, hadi viatu vikaisha soli.

Dada Tausi: Mzee, huyo mpiga kinanda ndiye aliyekuwa mfadhili wenu, ila hamkumwandika popote. Mimi nimekaa kwenye maigizo muda mrefu. Kuna mtu alitununulia mapazia, halafu akataka mwanawe awe mhusika mkuu. Kijana akipanda jukwaani anaangalia vidole vya miguu yake mwenyewe. Tulipokataa, baba mtu alikuja na ngazi akayafungua mapazia yake akaondoka nayo. Waambie watoto na hilo: anayetoa hanunui igizo.

Kalamu Nyekundu: Mleta uzi, swali dogo. Kipindi kimoja tu kinakunyima usingizi? Au kuna hela halisi zitakusanywa?

Mwalimu Kipindi: Kidogo. Kila mtoto atakuja na bahasha. Ni mafunzo kwa vitendo, kuogelea hakufundishwi ubaoni.

Kalamu Nyekundu: Bahasha zinaenda wapi?

Mwalimu Kipindi: Kwa kikundi cha maigizo cha mtaani. Kinajulikana.

Pilipili Kichaa: Na mweka hazina wake ni nani? Nauliza tu.

Mwalimu Kipindi: Nilikuwa na wageni, samahani kwa kuchelewa. Mweka hazina ni mimi. Sasa nani mwingine pale anajua kuandika daftari la fedha? Barua za wazazi zimeshatoka. Na bango la majina nimeshaliandika, aliyetoa zaidi anakaa juu, ili kuwapa wengine moyo.

Dada Tausi: Moyo gani! Mtoto ambaye kwao hakuna kitu unamweka wapi? Sakafuni?

Mwalimu Kipindi: Majina ya wachangiaji hutangazwa dunia nzima. Hata kiweko cha Sanamu ya Uhuru kule New York kilichangiwa hivyo hivyo.

Kalamu Nyekundu: Hadithi umeishika nusu. Mwaka 1885 sanamu yenyewe ilishakamilika kule Ufaransa, hela ya kiweko ndiyo haikutosha. Joseph Pulitzer akaahidi kwenye gazeti lake, The World, kuchapa jina la kila atakayetoa, hata kiasi kiwe kidogo namna gani. Zikapatikana zaidi ya dola 100,000, na michango mingi haikufika hata dola moja. Watoto walikuwemo. Sanamu ikazinduliwa Oktoba 1886. Nguvu ya ahadi ile ilikuwa kwamba mwenye senti naye anatajwa. Wewe umeigeuza kuwa mashindano ya mifuko ya wazazi.

Mwalimu Kipindi: Lakini Pulitzer naye gazeti lake si liliuza zaidi? Mbona yeye hamumsemi?

Kalamu Nyekundu: Kila msomaji alijua gazeti ni lake. Wewe tumekubana ndiyo ukasema.

Jicho la Tatu: Jamani, chai hii. Huyu huyu juzi kati alileta uzi anataka kuacha ualimu afungue saluni. Kwenye uzi mwingine ana miaka 24, kwenye mwingine ana mtoto yuko chuo. Na mkuu wa shule gani akae darasani anatazama bahasha za hela zinapita bila kuuliza?

Pilipili Kichaa: Leteni vikombe.

Mwalimu Kipindi: Uzi wa saluni ni wa dada yangu, tunatumia akaunti moja.

Jicho la Tatu: Na mtoto wa chuo ni wa nani, wa saluni?

Mzee wa Hoja: Chai au si chai, mimi vizibo nimevichukua. Wajukuu wanakuja Jumamosi.

Dada Tausi: Hata kama katunga, kuna mwalimu wa kweli atapita hapa. Bahasha zisiwe na majina, na tupu nayo ipokelewe. Asiye na hela alete kipande cha kitambaa au aje kusaidia kupaka rangi mandhari ya jukwaa. Hela wahesabu mzazi mmoja na mwalimu mwingine, kikundi kitoe risiti. Igizo likiisha, waigizaji waje darasani na kile kilichonunuliwa, watoto wakishike kwa mikono yao. Hapo wameelewa.

Mwalimu Kipindi: Risiti si naandika mimi?

Kalamu Nyekundu: HAPANA.

Mwalimu Kipindi: Basi mwenyekiti ataandika. Na majina nitayapanga kwa alfabeti bila kiasi, nimewasikia. Ila bango nilitumia wino usiofutika, na karatasi ngumu imebaki ile ile. Nikiandika upande wa pili, yale ya mwanzo hayataonekana?